Mashahidi Chini ya Kifuniko

Kwanza huigeuza tumbo juu. Mteja akiiweka laptopu mezani, fundi haifungui skrini wala haitafuti chaja. Huipindua kama mtu anayekagua kobe, huisogeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha hunyamaza. Dirisha lenyewe linatazama barabara ya kwenda soko la Gakoromone mjini Meru. Chini ya sakafu ya chumba chake kuna duka la agroveti, kwa hiyo chumba kizima kinanuka dawa ya nyanya iliyochanganyika na moshi wa solda. Mteja kwa kawaida ana haraka, na aliyemuuzia mashine ameshamwambia kilichomo. "Fundi, hiyo ni i7," husema. Fundi huitikia "Sawa" bila kuinua macho.

Nimekaa kwenye benchi la chumba hicho mara nyingi kuliko shida zangu zilivyohitaji. Siku hizi naenda kutazama tu. Kazi yenyewe ukiisimulia haina mvuto: mtu anataka kujua ni prosesa gani iliyo ndani ya laptopu yake, na fundi anamwambia. Magazeti yetu huandika kichakataji, na laptopu huiita kipakatalishi. Ni maneno mazuri, ila pale mezani sijapata kumsikia mtu akiyatamka, na nikiyatumia mimi naulizwa kama natoka redioni.

Lakini prosesa ndiyo sehemu pekee ya laptopu ambayo hununuliwa kwa imani. Skrini unaiona, kibodi unaigusa, betri utaijua jioni hiyo hiyo umeme ukikatika. Prosesa imelala chini ya bomba la shaba na feni, imepakwa pesti ya kijivu, na muuzaji mwenyewe pengine hajawahi kuitia machoni. Hata hivyo bei nzima huning'inia juu ya jina lake. Nyingi za mashine zinazofika Meru, Chuka na Embu ni zile ziitwazo ex-UK: zimetumika miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, zikauzwa kwa jumla, zikashushwa Nairobi, zikapita madukani Luthuli na Moi Avenue, halafu zikapanda matatu kama vifurushi kupitia Makutano ya Mwea na Embu hadi huku. Wanunuzi ni wanafunzi wa chuo kikuu cha Nchiru na wa KeMU pale Kaaga, wenye saiba, walimu, na makarani wa vyama vya ushirika. Kila mkono uliozipokea njiani uliongeza sifa kidogo.

Fundi huanza kusoma mahali ambapo sifa hazijafika. Namba ya mashine ya HP, kwa mfano, huwa na herufi na tarakimu kumi. Tatu za mwanzo hutaja kiwanda, ya nne ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na mbili zinazofuata ni wiki. Ikiandikwa 5CG431, basi mashine ilitoka kiwandani wiki ya 31 ya mwaka 2014, wakati wa mavuno ya mahindi kwa wengi wetu. Kwenye lebo hiyo hiyo kuna namba ya bidhaa, na mwisho wake huwa na alama ya reli na herufi tatu: ABU ni mashine iliyokusudiwa Uingereza, ABA ni ya Marekani. Kisha huifunua na kutazama kibodi. Kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3, na kitufe chake cha Enter ni kirefu, kimepinda kama goti. Z ikikaa mahali pa Y, mashine imetoka kwa Wajerumani. Nimeona mashine kadhaa za ex-UK ambazo hazijawahi kuiona Uingereza hata kwa mbali. Fundi hamwambii mteja jambo hilo, kwa sababu halimpunguzii kitu. Anajikumbusha mwenyewe tu kwamba jina na asili ni vitu viwili.

Ndipo huja jina lenyewe. Watu husema "i5" au "i7" na kuishia hapo, kama mtu anayeulizwa anatoka wapi akajibu "Mount Kenya." Jina kamili ni refu zaidi. Chukua i5-6300U. i5 ni daraja. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 6, ni kizazi. 300 ni nafasi yake miongoni mwa ndugu zake. Herufi ya mwisho ndiyo inayoachwa na wengi, na fundi ana chuki ya pekee na kuachwa kwake. U ni prosesa inayobana umeme, kwa kawaida wati 15. Zamani M ilikuwa ya laptopu za kawaida zenye nguvu zaidi, na HQ ilikuwa ya zile zenye viini vinne na feni inayolia kama posho mill. Katika kizazi cha nne kulikuwa na i5-4300U na i5-4300M. Tarakimu zote nne ni zile zile. Ya kwanza inakula wati 15 na imelehemiwa kwenye ubao moja kwa moja. Ya pili inakula wati 37, na hukaa ndani ya soketi yenye skrubu moja ambayo ukiizungusha nusu mzunguko prosesa inatoka mkononi kama jino la mtoto. Kuanzia kizazi cha tano soketi hizo zilikwisha katika laptopu za Intel. Fundi huzitaja kwa sauti ambayo wazee hutumia wakitaja ng'ombe waliokufa.

Nilimuuliza siku moja kwa nini kampuni isitengeneze prosesa moja nzuri, majina yakaisha. Alinijibu kwa kahawa. Alikua Imenti akimsaidia mama yake kupeleka buni kiwandani, na anajua kinachofuata baada ya kukobolewa: punje hupitishwa kwenye chekecheke, kubwa zikawa AA, zinazofuata AB, ile ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda ikawa PB, na ndogo zikawa C. Mti ni mmoja, mvua ni ile ile, mchumaji ni mama yuleyule. Silikoni ni vivyo hivyo. Sahani moja hukatwa vipande vingi, kila kipande hupimwa, kinachovumilia kasi kubwa bila kupandisha joto hupewa jina la juu, na chenye kasoro pembeni huzimwa pembe hiyo kikauzwa kwa jina la chini. i5-6300U na i7-6600U ni punje za shamba moja: zote zina viini viwili. Tofauti ni kasi, na kumbukumbu ya ndani ya prosesa, megabaiti 3 kwa moja na 4 kwa nyingine. Mtu anayelipa maelfu zaidi kwa tofauti hiyo, fundi alisema, ni sawa na anayenunua AA halafu anaiweka maziwa na sukari vijiko vinne. Mimi huweka vitatu, kwa hiyo nilinyamaza.

Majina yana mitego, na kuna jioni tulikaa tukiipitia kama watu wanaotegeana vitendawili. i5-7Y54, mbona Y imejificha katikati? Kwa sababu ndugu yake wa kizazi cha sita aliitwa Core m5, prosesa ndogo ya wati nne na nusu isiyohitaji feni, kisha ikapewa cheo cha i5 bila kuongezewa misuli. i5-1035G1 je, ni kizazi cha kwanza? La, ni cha kumi. Hiyo 10 husomwa pamoja. Kizazi cha kwanza chenyewe, kilichoingia kwenye laptopu kwa wingi mwaka 2010, kilikuwa na tarakimu tatu tu, kama i5-520M. Na gigahezi? Hapo ndipo wengi huangukia. i5-7300U huandikwa 2.60GHz, na i5-8250U huandikwa 1.60GHz, mteja akachukua ya kwanza akidhani amepata. Kumbe ya pili ina viini vinne badala ya viwili, na ikihitajika hupanda mbio hadi 3.4. Namba ile ni mwendo wa kutembea, si wa kukimbia. Upande wa AMD ndio usiseme. Ryzen 5 7520U inaanza na 7, lakini kinachofichua umri wa ubunifu wake ni tarakimu ya tatu, ile 2.

Tarakimu ya 8 ndiyo iliyoleta uchafu sokoni. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft waliweka mpaka: kwa prosesa za Intel, isipokuwa chache sana, ni kizazi cha nane kwenda juu. Tarehe 14 Oktoba 2025 matunzo ya kawaida ya Windows 10 yakakoma. Basi mashine nzima, yenye skrini safi na kibodi isiyo na doa, hupungua thamani kwa sababu ya tarakimu moja isiyoonekana. Kitu kisichoonekana ni rahisi kukisemea uongo. Stika ya pembeni ya kibodi hubanduliwa na kubandikwa nyingine. Hilo ni la watoto. Wakubwa hubadilisha maandishi ndani ya Windows yenyewe.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja na mashine ya namna hiyo nikiwa pale. Ilikuwa EliteBook. Aliinunua kwa mtu, akampelekea mwanawe anayesoma Embu, na mwanawe akairudisha akisema ni nzito kuamka. Mwalimu hakutaka kuitengeneza. Alitaka kujua kama kijana anamdanganya.

"Karibu, Mwalimu," fundi alisema, akaigeuza tumbo juu. Akasukuma kifungo, kifuniko cha chini kikatoka bila bisibisi. Akatazama lebo, akatazama vipande vya RAM, akapitisha kidole ubavuni kwenye tundu la VGA. Mimi nilimwona akipumua kwa pua. Hakusema kitu. Alikirudisha kifuniko, akaiwasha, akafungua ukurasa wa mfumo. Iliandikwa: Intel Core i7-8650U, 1.90GHz.

"Unaona," mwalimu alisema. "I7, tena ya nane."

"Naona, Mwalimu. Tuiulize kidogo."

Kilichonivutia ni utaratibu wake. Ningekuwa mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye jibu. Alifungua kwanza kidirisha kinachoonyesha kazi za mashine, akamwomba mwalimu asome mwenyewe: viini viwili, nyuzi nne. Akamweleza kwamba 8650U huwa na viini vinne na nyuzi nane. Akamsomesha mstari mwingine: kumbukumbu ya ndani ya prosesa megabaiti 3, wakati ile inayotajwa ina 8. Kisha akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika systeminfo, na kati ya mistari mingi akaweka kidole kwenye mmoja: Family 6 Model 69 Stepping 1. Anazijua namba hizo kama mchungaji anavyojua zaburi. 42 ni kizazi cha pili, 58 cha tatu, 69 cha nne kwa zile za U, 61 cha tano, 78 cha sita. Ukifika 142 hutazamwa namba ya mwisho, ile ya Stepping: 9 ni cha saba, 10 ni cha nane. Aliyegeuza jina alikumbuka jina akasahau kitambulisho.

Mwalimu alikuwa amevaa miwani sasa. Aliuliza jambo ambalo nami nilikuwa nalo mdomoni: kama mashine yenyewe inasema i7, na mashine hiyo hiyo inasema 69, kwa nini tuamini la pili?

Fundi alifurahi, naapa. Alisema hata pale Nchiru kwa wazee wa Njuri Ncheke shahidi mmoja hatoshi, na hawa wote waliosema mpaka sasa wanakula nyumba moja. Akaizima mashine. Alipoiwasha tena alibonyeza Esc kabla Windows haijaamka, halafu F1, na ukurasa mkavu usio na picha ukatokea, ule uliowekwa na kiwanda. Hapo palikuwa na i5-4300U. Akaizima tena, akachomeka flashi yake yenye Linux, akaiamsha kutoka humo bila kugusa diski ya ndani. i5-4300U tena. Flashi hiyo haimwamini mtu. Inapotaka jina inaiuliza prosesa yenyewe, kwa amri iitwayo CPUID ambayo Intel waliipa Pentium ya mwaka 1993 na ambayo kila prosesa ya laptopu hizi huijibu. Kwanza hutaja ukoo kwa herufi kumi na mbili, GenuineIntel au AuthenticAMD. Ikiulizwa zaidi hutaja jina lake refu.

Kumbe CPU-Z, programu ndogo inayotumia amri hiyo hiyo, ingemaliza kesi kwa sekunde mbili. Anayo, na kwa mteja anayetaka jibu tu huitumia akachukua hela yake. Kwa mwalimu alichagua njia ndefu, na sidhani ilikuwa kwa maonyesho. Mtu aliyedanganywa na maandishi ya skrini hawezi kuponywa na maandishi mengine ya skrini. Ilibidi aone kila kimoja kikishindwa kupatana na jina, hadi jina libaki peke yake.

Alirudi Windows kumwonyesha uongo unaishi wapi. Jina la prosesa linalosomwa kwenye ukurasa wa mfumo hukaa katika daftari la Windows, kwenye tawi la vifaa. Tawi hilo halihifadhiwi: huandikwa upya kila mashine inapowaka, kutokana na prosesa iliyopo kweli. Kwa hiyo anayetaka kudanganya hana budi kuweka kijiprogramu kinachoamka asubuhi kabla ya mwenye mashine na kuandika jina la bandia, kila siku, maisha yote ya mashine. Alikikuta kwenye orodha ya kazi za kuanzia, kina mistari miwili. Mwalimu alikitazama muda mrefu. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi, ile bidii. Hata gigahezi zilichaguliwa: 4300U ni 1.90, na 8650U ni 1.90 vilevile. Mtu alikaa akatafuta jina kubwa linalolingana na mwendo mdogo ili hata anayejua kidogo asishtuke.

"Wewe ulijua saa ngapi?" mwalimu akamuuliza.

Akafungua kifuniko tena. Lebo ilianza na 5CG4. "Mashine ni ya 2014, Mwalimu. Hiyo prosesa iliyoandikwa imetoka 2017." RAM ilikuwa DDR3L, ile ya pini 204 ambayo mkato wake hauko mahali pa mkato wa DDR4, na mashine za HP za umbo hilo zikiwa na kizazi cha nane hutumia DDR4. Tundu la VGA nalo liliondolewa kwenye EliteBook za kizazi hicho. Alijua kabla hajaiwasha. Lakini kifuniko hubadilishwa, alisema, na lebo hubadilishwa, na RAM ndiyo rahisi kuliko vyote.

Mwalimu akataka kuiona yenyewe. Si lazima, fundi alimwambia. Akasema anajua si lazima. Basi skrubu zikatoka, zikapangwa kwenye kifuniko cha chupa kwa mpangilio wa zilikotoka, feni ikainuliwa na bomba lake la shaba. Pesti ilikuwa imekauka, imekuwa kama unga wa ndizi. Alimwagia pamba spiriti kidogo akafuta kwa mizunguko, bila kukandamiza, na chini yake vikatokea vioo viwili juu ya kibao cha kijani, kikubwa na kidogo, vimelala ubavu kwa ubavu. Hicho kikubwa ndicho prosesa, cha pili ni msaidizi wake anayeshughulikia diski na matundu ya USB. Akasogeza taa ya simu kwa pembeni, si kwa juu, na maandishi membamba kama unywele yakainuka kwenye kioo, pamoja na msimbo wa herufi na tarakimu tano unaoanza na SR. Kila aina ina wake. Mwalimu aliinama mpaka miwani ikaingia ukungu. Kile kitu kilichombeba mwanawe muhula mzima kilikuwa na ukubwa wa ukucha.

Alipaka pesti mpya, akafunga, akaiwasha. Akamweleza mashine ni nzima, inafaa kuandika na kusoma, ikiwekwa diski ya SSD na mfumo mwepesi itamfikisha kijana mbali, ila bei aliyoilipa haikuwa ya hiyo. La kumrudia muuzaji walilizungumza kwa sauti ya chini, nami nikatazama dirishani.

Kisha fundi akakata kipande cha selotepu nyeupe, akaandika kwa maka ili akibandike ndani ya kifuniko, kama anavyofanya kwa kila mashine, ili atakayeifungua baadaye akikute. Mwalimu naye akatoa kijitabu mkobani, akanakili kutoka kwenye ukurasa wa kiwanda uliokuwa umefunguliwa tena, akitamka kimoja kimoja kama anayetoa imla. Alipomaliza akachungulia selotepu. Ilisomeka: i5-4300, 2014, 8GB.

"Umeacha herufi," akasema.

Fundi akaitazama selotepu, akaitazama skrini. Akacheka peke yake, akaibana U katika nafasi iliyobaki kabla ya mkato.